Shajara ya umeme wa pedali nne: kutoka adapta ya ruta hadi betri ya volti 12

11 Januari 2025: Kupima kabla ya kununua

Ninapiga gitaa la solo katika kwaya hapa Mwanza, upande wa Nyakato, na kwa miaka miwili pedali zangu, yaani vifaa vya kukanyaga kwa mguu vinavyobadilisha sauti ya gitaa, zimekuwa zikiendeshwa na betri ndogo za mstatili za volti 9. Pedali ni nne: tyuna ya kulinganisha nyuzi, ovadraivu ya kukuza sauti hadi ikwaruze, korasi ya kupanua sauti (Boss CE-3) niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na dilei ya kidijitali, ambayo wenzangu kwenye kwaya huiita pedali ya mwangwi. Betri ya kawaida ya dukani haimalizi ibada mbili ndani ya dilei, na inapochoka haitoi dalili yoyote. Mwangwi hukatika katikati ya pambio na ubeti unaofuata unabaki mkavu. Nimeamua kutafuta chanzo kimoja cha umeme kwa pedali zote, na nitaandika hapa kila hatua pamoja na gharama na makosa yake, ili mpiga gitaa mwingine wa Kanda ya Ziwa apate pa kuanzia.

Hatua ya kwanza imekuwa kununua mita ya shilingi 18,000 na kupima kila pedali inatumia umeme kiasi gani. Mita haipimi mkondo kwa kugusa nguzo mbili za betri kama inavyopima volti. Ni lazima ukate njia upande mmoja na kuipitisha mita hapo, ili umeme wote uende kupitia ndani yake. Tyuna imesoma miliampea 30 taa zake zikiwaka, ovadraivu 6, korasi 10 na dilei 62. Jumla ni miliampea 108, kiasi kidogo mno ambacho adapta yoyote ya dukani inakiweza. Zote nne zinataka volti 9 za DC (umeme wa mkondo mnyoofu, kama wa betri) kwa plagi ya duara yenye tundu la milimita 2.1, hasi ikiwa katikati na chanya nje.

18 Januari 2025: Adapta ya ruta na ovadraivu iliyonuka moshi

Nilinunua Makoroboi adapta ya ruta ya intaneti ya volti 9 na ampea 1 kwa shilingi 8,000, pamoja na waya wenye plagi tano wa kugawa umeme huo. Plagi iliingia vizuri, volti zilikuwa zilezile, nami nikaichomeka kwenye ovadraivu bila kuusoma ule mchoro mdogo wa duara ulio kwenye lebo. Mchoro ulionyesha chanya katikati, kama ilivyo kwa adapta nyingi za ruta, yaani kinyume kabisa cha desturi ya pedali za gitaa. Ndani ya muda mfupi nilisikia harufu ya kuungua.

Nilipoifungua pedali nilikuta daiodi moja, 1N4001, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, imebadilika rangi pembeni mwa tundu la umeme. Daiodi hiyo huwekwa na mtengenezaji kati ya chanya na hasi kwa ajili ya ajali ya namna hii: umeme ukiingia kinyume, unapita kwenye daiodi badala ya kuingia kwenye saketi. Ilikuwa imeungua na kushikana, kwa hiyo hata umeme sahihi ungekuta njia ya mkato. Nyingine ya shilingi 500 ilitosha, na ovadraivu ikarudi kuwa nzima. Si kila pedali ina kinga hiyo, na kama ningeanza na dilei pengine shajara hii ingekuwa na bei nyingine.

Nimekata waya wa adapta karibu na plagi, nikageuza nyuzi mbili, nikalehemu na kufunika kila uzi peke yake. Tangu siku hiyo haichomekwi plagi yoyote kwangu kabla ya kuingiza ncha nyekundu ya mita katikati ya tundu na nyeusi ubavuni: kioo kikionyesha volti 9 zenye alama ya kutoa mbele, plagi inafaa kwa pedali.

2 Februari 2025: Mluzi, na ampea zisizo na kosa

Pedali zote zinawaka, lakini mazoezi ya jana yalikuwa mateso. Ovadraivu ikiwa imezimwa, kulikuwa na mluzi mwembamba ambao mtu wa mstari wa nyuma asingeusikia. Nikiiwasha, mluzi ulipanda hadi waimbaji wa sauti ya kwanza wakageuka kunitazama. Niliamini kwamba adapta imezidiwa, kwa hiyo nikanunua nyingine ya ampea 2 kwa shilingi 22,000, nikageuza waya wake pia, na mluzi ukabaki vilevile. Nilipaswa kuziamini hesabu zangu za Januari: pedali zinataka miliampea 108, na adapta ya kwanza ilikuwa na uwezo wa karibu mara tisa ya hizo. Pedali huchukua kiasi inachohitaji tu. Ampea zilizozidi hukaa bila kazi.

Nilibeba ubao mzima hadi kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na vipaza sauti mjini. Baada ya shikamoo na marahaba, aliunganisha ubao kwenye kikuza sauti chake kidogo, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaniuliza, "Mwanangu, umejuaje kwamba anayelia ni adapta?" Sikuwa na jibu. Akachomoa plagi ya umeme kwenye dilei peke yake, akaiwekea betri ndogo ndani, akaacha nyaya za sauti zilivyokuwa. Mluzi ulikatika kana kwamba mtu amefunga mlango. Adapta ilikuwa ileile na ovadraivu ilikuwa imewashwa.

Alichonieleza ndicho ninachotaka kila mwenye pedali chache akielewe kabla ya kutoa fedha. Dilei ya kidijitali ina saa ndani yake inayoendesha hesabu, na umeme inaouchukua hauji kwa utulivu bali kwa vipigo vya haraka. Vipigo hivyo hurudi kwenye adapta kwa njia ya hasi, na njia hiyo ni moja kwa pedali zote, kupitia waya wa kugawa umeme na pia kupitia ganda la nje la nyaya za sauti. Hakuna waya usio na ukinzani. Vipigo vikipita humo huacha volti ndogo sana, na ovadraivu, ambayo kazi yake ni kukuza kilicho kidogo, huichukua kama sehemu ya sauti ya gitaa. Ubaya hauko katika wingi wa umeme bali katika kushirikiana njia ya kurudia.

Suluhisho la kiwandani ni boksi la umeme ambalo kila tundu lake limetengwa na mengine, hasi yake ikiwa haigusani na hasi ya jirani. Nimeulizia bei ya kuagiza moja ya daraja la kati kutoka nje, na pamoja na usafiri inazidi shilingi 350,000. Sina kiasi hicho, na hata ningekuwa nacho, boksi hilo lingekaa gizani pamoja nami umeme unapokatika.

23 Februari 2025: Transfoma ya volti 9, kosa la hesabu

Bado nilitaka kujua kama adapta nayo ina mchango katika mluzi, kwa sababu adapta nyepesi za siku hizi hukatakata umeme kwa kasi kubwa. Nikaunda chanzo cha mtindo wa zamani: transfoma ya kutoa volti 9, daiodi nne, kapasita ya kulainisha mawimbi ya umeme, na regyuleta ya 7809, kipande kinachoshikilia volti zitoke 9. Vyote viligharimu shilingi 19,000. Mchana kilifanya kazi vizuri na mluzi ulipungua kidogo, lakini haukwisha, jambo lililothibitisha maneno ya mzee.

Usiku ukaja mvumo. Ulianza kama saa moja, wakati majirani wote wanapowasha majiko na taa, na ulikuwa mnene, karibu kabisa na sauti ya uzi wa sita ukishikwa kwenye freti ya tatu. Sauti hiyo ni hezi 98, nayo umeme wa hezi 50 ukipita kwenye daiodi nne hutoa mawimbi 100 kwa sekunde, kwa hiyo sikio lilinionyesha pa kutafuta. Nikapima soketi ya ukutani: volti 208 badala ya 230.

Hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ni hii. Volti 9 za transfoma hufika kilele cha 12.7, na daiodi mbili zinazopitisha kwa zamu hukata kama 1.4, zinabaki 11.3. Regyuleta ya 7809 inahitaji takriban volti 2 juu ya zile inazotoa, yaani 11. Nafasi iliyobaki ni finyu hata umeme ukiwa kamili. Ukishuka hadi 208, kilele kinashuka hadi kama 10, regyuleta inashindwa kushikilia 9, na mabonde ya mawimbi yanapita hadi kwenye pedali. Transfoma ya volti 12 ingeondoa mvumo, kwa gharama ya joto zaidi kwenye regyuleta. Sikuinunua, kwa sababu siku hiyohiyo umeme ulikatika saa tatu usiku nikiwa ninaandika hesabu hizi, na nikaona ninatengeneza kitu kinachotegemea soketi wakati shida yangu ya pili ni soketi yenyewe.

16 Machi 2025: Betri

Nimenunua betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ile iliyofungwa kabisa ambayo hutumika kwenye ving'ora vya ulinzi na vifaa vya kuhifadhia umeme wa kompyuta, kwa shilingi 55,000, na chaja yake kwa 30,000. Niliiacha betri ya pikipiki ya kujazwa maji, ingawa ni rahisi kuipata, kwa sababu vyombo vya kwaya hulala ubavu kwenye gari na sitaki tindikali karibu na nyaya zangu.

Betri iliyojaa inakaa kwenye volti 12.8, na 7809 inazishusha hadi 9 bila mvumo wowote kwa kuwa hakuna mawimbi ya kulainisha. Nimeweka fyuzi ya ampea 1 kwenye waya wa chanya, sentimita chache kutoka kwenye nguzo ya betri, na naomba asiwepo wa kuiruka hatua hii: betri ndogo kama hii ikiguswa chanya kwa hasi hutoa mkondo wa kuyeyusha ganda la waya mkononi mwako. Pembeni mwa miguu ya regyuleta nimelehemu kapasita ndogo mbili, mikrofaradi 0.33 upande wa kuingilia na 0.1 upande wa kutokea, zikiwa karibu kadiri risasi ya kulehemu ilivyoruhusu. Vyote viko ndani ya boksi la plastiki la kuunganishia nyaya za nyumba. Regyuleta, kapasita, fyuzi, plagi na boksi vimegharimu 17,500.

Mluzi bado upo, kama nilivyotarajia, maana hasi bado ni moja.

5 Aprili 2025: Moduli ya kutenganisha, na wiki iliyopotea kwa korasi

Nimeagiza kutoka Dar es Salaam moduli mbili za kutenganisha umeme, za wati 1 kila moja, zinazopokea volti 9 na kutoa volti 9 ambazo hazina mguso wa waya na zile zilizoingia. Kila moja ina uwezo wa takriban miliampea 110, inayoitosha dilei na ziada. Zilikuja kwa basi, nikazichukua stendi ya Nyegezi. Moduli zote mbili zilikuwa 18,000 na kifurushi 6,000.

Ya kwanza ilikataa kuwaka. Niliweka kapasita ya mikrofaradi 1,000 kwenye upande wa kutokea nikifikiri kwamba kubwa ndiyo inayolainisha vizuri, kumbe moduli ndogo kama hii inaiona kapasita tupu ya ukubwa huo kama njia ya mkato, na kila inapojaribu kuanza inazimika. Nilipoiondoa na kuweka ya mikrofaradi 47, iliwaka mara moja. Kulikuwa na mluzi mwingine hafifu sana, kwani moduli nayo hukatakata umeme. Kasi yake iko juu ya uwezo wa sikio, lakini ikikutana na saa ya dilei, tofauti ya kasi zao inaweza kushuka hadi pale tunaposikia. Koili ndogo (waya uliozungushwa) kwenye waya wa chanya, kabla ya ile kapasita, iliumaliza. Ovadraivu imewashwa, dilei imewashwa, na kinachosikika ni gitaa. Nilikaa kimya kwa muda nikigusa uzi mmoja na kuuacha ufe wenyewe.

Kwa furaha hiyo nikaunganisha moduli ya pili kwenye korasi, nikiamini kwamba kutenganisha kukiwa kuzuri kwa dilei kutakuwa kuzuri kwa zote. Taa nyekundu ya korasi ikafifia hadi nikalazimika kuikinga kwa kiganja ili nione kama inawaka, na sauti yake, ambayo kwa kawaida hulipanua gitaa kama lipo katika chumba kikubwa, ikawa nyembamba na yenye kukwaruza. Nilipima moduli: volti 9.7, zaidi ya zinazohitajika, kwa kuwa moduli hizi hupandisha volti zikiwa na mzigo mdogo. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha waya, nikarudia kulehemu. Hali ikabaki ileile kwa wiki nzima.

Jibu lilikuwa ubavuni mwa pedali tangu siku niliyoinunua. Karibu na tundu la umeme pameandikwa kwamba adapta yake ni ya aina ya ACA. Pedali za Boss za zama zile zilitengenezwa kwa adapta isiyo na regyuleta, iliyokuwa ikitoa volti 12 au zaidi, na ndani ya pedali mna rezista (kipande cha kuzuia mkondo) na daiodi kwenye njia ya hasi za kuzishusha volti hizo hadi karibu 9. Pedali za baadaye zinatumia adapta ya PSA, ambayo ni volti 9 zilizokwisha kutulizwa. Plagi ni moja na mpangilio wa hasi katikati ni mmoja, kwa hiyo macho hayaoni tofauti. Ukiipa pedali ya ACA volti 9 safi, nayo inazishusha tena. Nilipopima ndani, kwenye nguzo za betri, nilikuta 6.4.

Kwa nini basi ilifanya kazi vizuri miezi yote hii kwenye waya wa kugawa? Kwa sababu hasi yake ilipata njia nyingine: ilipita kwenye ganda la waya wa sauti hadi kwa ovadraivu, na kutoka hapo ikarudi kwenye adapta bila kuigusa ile rezista. Nilijihakikishia kwa mkono wangu. Niliirudisha korasi kwenye kundi la hasi ya pamoja, taa ikawaka kikamilifu. Nikachomoa nyaya zote mbili za sauti, taa ikafifia. Nikachomeka mmoja, ikarudi. Ushirikiano uleule wa hasi ulioniletea mluzi wa dilei ndio uliokuwa ukiilisha korasi.

Kwa hiyo mpangilio umekuwa huu: tyuna, ovadraivu na korasi zinakula pamoja moja kwa moja kutoka kwenye 7809, na dilei peke yake inakula kupitia moduli. Mwenye pedali ya ACA anayefikiria kununua boksi la kiwandani lenye matundu yaliyotengwa atafute lenye tundu la volti 12 kwa ajili ya pedali hiyo. Asiichomeke kwenye volti 12 zenye hasi ya pamoja na pedali nyingine, kwa maana rezista itarukwa kwa njia niliyoieleza na volti zote 12 zitaingia kwenye saketi iliyopangiwa 9.

26 Aprili 2025

Ndugu yangu anayepiga gitaa la pili alileta fazi yake ya kizamani, pedali ya kukwaruza sauti yenye transista za madini ya jerimani (germanium), akitaka tuijaribu kwenye boksi langu. Nilimzuia kwanza na kupima: ganda la pedali hiyo limeunganishwa na chanya, si hasi. Ingeingia kwenye kundi la pamoja, nyaya za sauti zingeunganisha chanya na hasi na pengine fyuzi ingekatika. Kwenye moduli ya pili iliyobaki bila kazi, plagi ikiwa imegeuzwa, imeimba bila tatizo. Sasa moduli hiyo ina mwenyewe.

17 Mei 2025: Nansio

Kwaya ilialikwa Ukerewe na tulivuka kwa meli hadi Nansio. Umeme wa uwanjani ulitoka kwenye jenereta, na kila mtu wa vyombo alipoongeza sauti ya spika, taa zilizoning'inizwa juu yetu zilififia na kurudi. Pedali zangu hazikutikisika. Mvumo mdogo ulikuwepo, lakini nilipochomoa gitaa na pedali zote kwenye kikuza sauti ulibaki uleule, kwa hiyo ni wa jenereta na kikuza sauti, na boksi hili haliwezi kuuondoa.

Jumla ya mkondo kutoka kwenye betri, pamoja na unaopotelea kwenye moduli ya dilei na ule mdogo wa regyuleta yenyewe, nilipima miliampea 130. Kwa kuwa sitaki kuikausha betri ya aina hii zaidi ya nusu, nina ampea-saa 3.5 za kutumia, sawa na saa 26 au 27. Tulianza saa tatu asubuhi betri ikiwa na volti 12.8, tukamaliza saa tisa alasiri ikiwa na 12.5. Regyuleta ilikuwa vuguvugu, kidole kinaweza kukaa juu yake.

Nimetumia shilingi 194,000 kwa jumla. Kati ya hizo, 49,500 zilikwenda kwenye adapta mbili, daiodi iliyoungua na transfoma. Anayefuata njia hii bila makosa yangu atatumia 144,500, mita ikiwemo, na pungufu ya hapo akiagiza moduli moja tu. Kilichobaki ni swichi ya kuwasha na kuzima boksi. Ipo juu ya boksi, na wakati wa wimbo wa mwisho pale Nansio niliikanyaga nikiitafuta ovadraivu kwa mguu, pedali zote zikanyamaza kwa mapigo mawili. Wiki ijayo ninaihamishia ubavuni, upande wa betri.